Paka mdogo uliyemchukua: umsome kwa manyoya au kwa tabia?

Kwa paka wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kutazama manyoya hakugharimu kitu, ila yanasema machache. Mistari ni rangi tu, si aina, na macho ya buluu huanza kubadilika wiki ya 6 hivi. Manyoya yanaposhinda ni kwenye jinsia: mwenye rangi tatu karibu daima ni jike.

Tabia inadai muda. Mpe siku kadhaa chumba kimoja tulivu, kisha keti sakafuni, weka dagaa waliochemshwa bila chumvi, umwache aje mwenyewe. Siku ya kwanza usimpime. Woga hufanana na ukali. Aliyeshikwashikwa na watu kati ya wiki ya 2 na ya 7 hukaribia upesi.

Hutaki vitoto vya paka uani? Anza na manyoya. Una watoto wadogo? Subiri tabia. Unamtaka wa kukamata panya stoo? Uliza kama mama yake anawinda.