VISITECT CD4: kipimo kizuri, mradi usicheze na saa

Kwa zahanati isiyo na umeme wa uhakika, VISITECT CD4 Advanced Disease, kipimo cha haraka kinachoonyesha kama seli za kinga za CD4 za mwenye VVU zimeshuka chini ya 200, inafaa sana. Haihitaji mashine. Damu ya kidoleni, maikrolita 30, inaingia kishimo A. Subiri dakika 3, ongeza tone 1 la bafa (kimiminika cha kipimo) hapo hapo. Dakika 17, kisha matone 3 kishimo B. Soma baada ya dakika 20. Weka kipima muda, usikadirie.

Wengi hukosea kwenye kusoma. Mstari wa mgonjwa ukiwa hafifu kuliko ule wa rejea, *au ukilingana nao*, CD4 ziko chini ya 200 kwa maikrolita ya damu. Somea penye mwanga wa kutosha, watu wawili ikiwezekana.

Majibu hayo ni mazito. Seli saidizi za CD4 ndizo huziamsha seli za dendriti (zinazoonyesha vimelea kwa kinga) kupitia kipokezi chao cha CD40, ili ziziandae seli za CD8, zinazoua seli zilizoambukizwa. Zikipungua, uaji hudhoofu na kumbukumbu haidumu. Kwa hiyo, siku hiyo hiyo, pima kifua kikuu kwa mkojo na kriptokokasi (kuvu anayeweza kushambulia ubongo) kwa damu.

Kasoro kubwa: haitoi namba. Mwenye 20 na mwenye 190 wanaonekana sawa.