Tovuti ya nyumba yetu ya wageni Mikindani: fundi wa pili ndiye aliyeielewa kazi

Nyumba yetu ya wageni iko Mikindani, kama kilomita 10 kabla hujaingia Mtwara mjini. Vyumba ni 6, na jiko liko mikononi mwa shangazi.

Tovuti ya kwanza tulitengenezewa na kampuni moja, sitaitaja. Kwenye kompyuta yao ilipendeza mno, picha ya ghuba imejaa kioo kizima. Msimu wa korosho ulipoanza, mgeni mmoja akanipigia akiwa ndani ya basi la kutoka Dar, wameshapita Nangurukuru: "Dada, bei za vyumba mbona sizioni?" Namba yangu alipewa na kondakta.

Nikaifungua kwenye simu ya shangazi, yenye kioo kidogo. Maandishi yalikuwa kama punje za ufuta. Picha ya ghuba peke yake ilikuwa megabaiti 4, na menyu ilikuwa faili la kupakua. Nani atakubali bando lake liishie hapo?

Fundi wa pili ni kijana wa hapahapa Mtwara. Kabla hajagusa chochote aliomba simu ileile ya shangazi, akawa nayo pembeni siku zote za kazi. Akanionyesha kuwa ukurasa ulikosa mstari mmoja wa msimbo, ule unaoiambia simu ifuate upana wa kioo chake. Ukikosekana, simu huupanga ukurasa kana kwamba yenyewe ni kompyuta, upana wa pikseli 980 hivi, kisha inaubana wote uenee. Ufuta ulitokea hapo. Akaweka mstari huo, akapanga kila kitu safu moja kwenye simu, na kioo kikiwa kipana safu zinaongezeka. Picha ya ghuba ya kwenye simu sasa ni kilobaiti 120. Namba yetu ni kitufe, ukigusa inapiga.

Kwenye menyu walibishana na shangazi. Kijana alitaka picha tupu, shangazi akataka chakula kiandikwe kwa majina yake: pweza wa nazi, samaki wa kupaka, ming'oko. Nashukuru shangazi alishinda. Chini ya ming'oko tukaeleza kwamba ni mizizi ya porini inayochemshwa na kuliwa kwa chumvi na pilipili, maana wageni wengi wasio wa Kusini hawaijui.

Kasoro yake ni moja: hakunifundisha kubadili bei mpaka nilipomwomba. Na wewe unayetaka tovuti, hakikisha anwani inasajiliwa kwa jina lako. Ile kampuni ilisajili yetu kwa jina lake, na kuirudisha kulitugharimu wiki 3 za kupigiana simu.

Juzi mgeni alipiga kupitia kile kitufe akiwa Mingoyo, akauliza kama ming'oko ipo. Shangazi alikuwa ameshaiinjika.