Nimepiga Linux Mint kwenye Dell ya zamani, uzoefu wangu

Mashine yenyewe ni Dell Latitude E6420, zile nzito ambazo ukiidondosha unaangalia kwanza kama sakafu imepona. Core i5 ya kizazi cha pili, RAM GB 4, naitumia steshenari kuchapa barua na CV za watu. Windows 10 muda wake wa kuhudumiwa umeisha 14 Oktoba 2025, Windows 11 nayo inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) wakati hii ina 1.2, basi kila fundi ananiambia uza spea ununue nyingine. Hela iko wapi?

Nikashusha Linux Mint 22, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, ile ya Xfce yenye muonekano mwepesi, ile ya Cinnamon yenye muonekano mzito zaidi kwa RAM ndogo achana nayo, itawaka ila itahema. Faili linakaribia GB 3, subiri bando la usiku. Nikaliandika kwenye flashi kwa programu ya Rufus, nikawasha huku nabonyeza F12 nikachagua flashi, na raha ya Mint inafunguka kwanza humo humo bila kugusa diski, unajaribu sauti, kibodi, printa, ukiridhika ndo unainstall (hamisha mafaili yako kabla, ukikubali kufuta diski nzima imetoka hiyo). Wi-Fi haikuonekana kabisa. Usipaniki, chomeka simu kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti, Mint inaidaka yenyewe, halafu fungua Driver Manager (sehemu ya Mint inayotafuta draiva, yaani programu za kuendesha vifaa), mimi iliniletea draiva nikaweka tiki nikazima nikawasha, Wi-Fi ikaja na za majirani wote.

Ila wepesi mkubwa umetokana na SSD (diski ya kisasa yenye kasi) niliyoweka, tusidanganyane, kwenye diski ya zamani hata Mint ilikuwa inawaka kwa kujivuta. Na Firefox bado inakula RAM, ukifungua YouTube na WhatsApp Web pamoja utajua hujui.

Office hakuna, kuna LibreOffice. CV za fonti ya Calibri zilikuwa zinahama mistari mpaka nilipoinstall fonti ya Carlito, upana wa herufi ni ule ule, sasa zinakaa vizuri, majedwali yenye maboksi mengi ndo bado yanavurugika kwa hiyo hayo naomba mteja aje na PDF.

Nilichopenda kuliko vyote ni flashi za wateja. Wale virusi wa kugeuza mafolda kuwa shotikati wametengenezewa Windows, huku hawana kazi, nafungua naona mafolda halisi yaliyofichwa yako pale pale, pembeni kuna faili la .vbs ambalo ndiye kirusi mwenyewe, nalifuta naprinti. Wanafunzi walioambiwa kazi zao zimepotea wanashangaa.

Kama mashine yako ni ya 32-bit (zile za zamani zaidi) usihangaike na Mint 22, hiyo ni 64-bit tu, tafuta Linux nyingine yenye toleo la 32-bit, mfano antiX.