Kabla ya kununua drosera, uliza kama inalala

Drosera ni mmea unaonasa wadudu kwa ulimbo wa majani yake na kuwala. Yangu ya kwanza niliitupa ikiwa hai. Majani yake yenye vitone vya ulimbo yalinyauka moja moja, likabaki tumba la kijani katikati ya chungu, dogo kama punje ya choroko. Nikajua imekwisha, nikaimwaga na udongo wake. Kumbe ilikuwa imelala tu! Ilikuwa Drosera rotundifolia, ya nchi za baridi, ambayo hulala miezi ya baridi ikiwa tumba kisha ikachipua upya. Aliyeniuzia hakunidokeza, na kibandiko kilisema "mmea unaokula wadudu", basi.

Mambo ya maji ya mvua na udongo usio na mbolea utayasikia kila mahali, sirudii. Swali langu ni moja: inalala au hailali?

Namba moja ni Drosera capensis, na sifichi kwamba naipendelea. Asili yake ni Rasi, huko Afrika Kusini, na haihitaji kulala. Hata majani yakifa yote, mara nyingi huchipua tena mizizini. Jani lake ni refu na jembamba; kijinzi kikinasa, vinywele vinakiinamia, kisha jani lenyewe linaanza kujikunja taratibu. Urudi baada ya saa kadhaa, unakikuta kimeviringishwa kama maiti mkekani.

Inafuata Drosera aliciae, duara dogo linalolala bapa juu ya udongo. Hiyo ndiyo namna pekee inavyolala. Ipe jua la kutosha, la sivyo wekundu wake unapotea.

Drosera adelae ya Queensland, Australia, nayo hailali na inavumilia kivuli, ila hewa ikikauka ulimbo unakwisha unabaki na majani matupu.

Rotundifolia iwe ya mwisho, kwa mwenye pahali pa baridi. Zile za Australia zenye viazi ardhini ndiyo kabisa: zinalala kiangazi!

Mbegu ni rahisi, ni kama vumbi, na utasubiri sana.

Kinachoniudhi ni wauzaji wanaoandika "Drosera" peke yake, wakati spishi zinapita 200. Jina la pili ndilo linalokuambia kama inalala. Wengine huandika "adimu" wakapandisha bei. Juzi nimeoneshwa adimu mojawapo: capensis, ambayo kwangu inajizalia mbegu yenyewe, na miche yake naing'oa kwenye vyungu vya wenzake kama magugu.