Miezi 8 na programu ya kazi kwenye biashara ya dagaa Kirumba, kilichobaki ni WhatsApp Business na ubao wa plaiwudi

Habari za muda huu wadau, nimeona watu wengi wanauliza watumie nini kupanga kazi na wafanyakazi kwenye biashara ndogo, nikasema ngoja niandike na mimi uzoefu wangu maana nimelipia hela ya watu miezi 8 na jibu ninalo. Kwa kifupi cha kujitambulisha, tupo Kirumba hapa Mwanza, ukitoka soko la samaki la Mwaloni hata bajaji huhitaji, tunanunua dagaa wakavu tunawachambua tunawafunga kwenye pakiti za gramu 250 na nusu kilo, wanaenda Dodoma, Dar, Arusha na kwa wateja wa hapahapa mjini. Wa kudumu tupo 5 ukinihesabu mimi ninayeshika oda, stoo, matangazo na kesi zote za watu, halafu kuna vibarua wa kupakia wanaokuja kwa msimu.

Na hapo kwenye msimu ndo penye kisa chote kwa hiyo niwaeleze vizuri wale wa bara ambao dagaa mnawajua wakiwa kwenye sufuria tu. Dagaa wa ziwani anavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai siku hizi taa za sola, na taa inamvuta pale kukiwa na giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi mingi inapumzika, wavuvi wanashona nyavu, na sisi huku tunakaa tunaangaliana. Giza likirudi mzigo unaingia kwa fujo, inabidi uwe na watu 6 wa ziada ndani ya siku mbili. Kwa hiyo mwezi wetu sisi ni ule wa angani, siku 29 na nusu, huu wa kalenda ya ukutani tunauangalia siku ya kodi ya pango.

Sasa mwaka jana bosi wangu (ni mama, mtu mzima, namheshimu sana) alirudi kwenye semina ya wajasiriamali akiwa amewaka moto, kaambiwa kampuni za kisasa zote zinaendesha kazi kwenye programu, kila kazi ina kadi yake, kila mfanyakazi mpya anapokelewa na mfumo, yaani hata wewe meneja ukilala mfumo unafanya. Akanambia mwanangu tafuta hiyo kitu. Nikatafuta, nikapata moja nzuri kwa macho, siitaji jina maana sitaki ugomvi na mtu, inalipiwa kwa dola kwa kila kichwa kwa kila mwezi.

Niwe mkweli, wiki mbili za kwanza niliipenda sana. Unafungua unaona ubao, kushoto kazi ambazo bado, katikati zinazoendelea, kulia zilizoisha, unaburuta kadi kwa kidole kutoka huku kwenda huku, ile raha ya kuburuta kadi kwenda kulia ni kama raha ya kukata mstari kwenye orodha ya sokoni. Kuna kijana wetu wa mauzo anapenda kusoma akanambia hilo wazo wala si la watu wa kompyuta, lilitoka kiwanda cha Toyota kule Japani, waliita kanban, yaani kibao cha ishara, vikadi vya kawaida kabisa vinatembea na vipuri ili fundi wa mwisho amwambie wa kwanza nini kimepungua. Nikasema kumbe. Hilo neno "vikadi vya kawaida" lilikaa kichwani mpaka likaja kunisaidia baadaye.

Shida ya kwanza ilikuwa hela. Mimi nina watu 5, sawa, lakini giza likiingia nina watu 11, na ule mfumo ukishamwingiza mtu tu umemhesabu kichwa, hata kama kibarua anakaa siku 12 anaondoka wewe umelipa mwezi mzima. Nikawa nawaingiza nawatoa, nawaingiza nawatoa, kama konda wa daladala ya Igoma. Nikaandika kuuliza kama kuna bei ya watu wa msimu, nikajibiwa kwa upole sana kwamba hakuna.

Shida ya pili ni ile niliyosema ya mwezi. Niliweka kengele ya kazi inayojirudia, "ita wapakiaji", kila mwezi tarehe ileile. Mwezi wa kwanza ikaja sawasawa nikajiona mjanja. Lakini giza linatangulia siku moja hivi kila mwezi ukilinganisha na kalenda, ukifika mwezi wa 7 tangu uiweke kengele inachelewa karibu wiki nzima, mzigo uko mlangoni unanuka na simu ndo inanikumbusha eti niite watu. Hilo silaumu mfumo peke yake, aliyeutengeneza hajawahi kulala kisiwani Ukerewe kwa wavuvi, ila mimi nilikuwa najua na bado nikauamini.

Halafu ya tatu, hii ndo ilinikata kabisa. Tulimwajiri dada mmoja kutoka Sengerema awe mtu wa stoo. Mfumo una sehemu ya kukaribisha mfanyakazi mpya, unaandika imeili yake, unabonyeza, wenyewe unamtumia maelekezo yote, saa ya kuripoti, aje na nini, amuone nani. Nikabonyeza nikalala usingizi mzuri. Yule dada imeili alifunguliwa na mdogo wake siku anaomba kitambulisho cha NIDA, paswedi hajui, kwa hiyo hakusoma hata herufi moja. Na kwa vile daraja la Kigongo–Busisi lilishafunguliwa, Juni 2025 lile, hakuna tena habari ya kusubiri kivuko, akapanda gari la alfajiri na saa 12 na nusu asubuhi yupo getini kwetu na begi lake. Mimi nimemuandikia saa 3. Alikaa kwenye jiwe pale nje masaa mawili na nusu, mlinzi wetu mzee akamgawia chai yake ya kwenye chupa. Nilipofika akanisalimia "shikamoo bosi" kwa sauti ya mtu aliyeshaanza kujuta, nikaona aibu mpaka leo nikimuona naikumbuka.

Jioni yake nilimuomba msamaha nikamuuliza dada, we ungependa upate maelekezo vipi, akasema si ungenitumia voisi tu kaka. Mimi nalipa dola, jibu lipo kwenye simu yangu mwenyewe mfukoni.

Basi tukahama taratibu. WhatsApp Business tulikuwa nayo tayari kwa ajili ya wateja, ni programu tofauti na ile ya kawaida, ilitoka 2018 na kuitumia kama duka dogo hulipii kitu zaidi ya bando. Nikafungua grupu la wapya peke yake ambamo hakuna stori wala video za mahubiri, ndani kuna voisi 4 na video 2 basi. Voisi moja ni yangu, ya saa za kazi na malipo. Tatu zilizobaki ni za mama yetu mmoja mtu wa Ukerewe anayechambua dagaa tangu mimi sijazaliwa, na nakwambia hakuna mfumo duniani utakaoandika vile anavyoongea. Anasema chukua mmoja tafuna, ukisikia mchanga huyo kaanikwa chini, mrudishie mwenyewe, wetu ni wa kwenye chanja. Anasema mkono wako ukitoka na unyevu usifunge pakiti hata meneja akupigie kelele, mwambie mama kakataa. Mimi ndo meneja huyo jamani. Ila masika mwaka huu jua lilikosekana siku 4 mfululizo na kuna binti wa kibarua aligoma kufunga kwa sababu ya hiyo voisi, akaokoa magunia mawili yasiende kuvunda Dodoma.

Nisiwadanganye lakini, voisi haitoshi kwa kila kitu. Mkataba ni karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mwajiriwa apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi, kazi gani, anaanza lini, mahali gani, masaa mangapi, mshahara kiasi gani, na kikomo cha kawaida ni masaa 45 kwa wiki, sisi watu wa mzigo wa alfajiri tunakisahau makusudi hicho. Kwa hiyo siku ya kwanza mtu anasaini nakala mbili moja anaondoka nayo, na fomu za NSSF zinaanza hapohapo, siyo "tutaona mwezi ujao".

Na kuna kitu kimoja nilikiiba kwenye ule mfumo wa dola, haki yake nimpe. Kwenye orodha yao ya kumpokea mgeni kulikuwa na kipengele kwamba mpya apewe mwenyeji mmoja wa wiki ya kwanza na siku hiyo wale pamoja. Nilicheka nikaona mambo ya wazungu, nikajaribu tu kwa yule dada wa Sengerema baada ya ile aibu, nikamuunganisha na dada wa kupakia, wakaenda kula ugali na sato kwa mama ntilie wa kona, ofisi ikalipa. Tangu siku ile maswali madogomadogo, choo kiko wapi, bosi akikasirika anakuwaje, kuomba ruhusa unaanzia kwa nani, hayaji kwangu. Sasa hivi kila mpya anapewa mwenyeji, hata kibarua wa wiki mbili.

Ubao nao nimeuhamisha. Plaiwudi nusu, kamba tatu, vibanio vya nguo vya pale Makoroboi na vikadi nilivyokata kwenye maboksi. BADO, INAENDELEA, IMEISHA. Juu nimechora duara la mwezi nalisogeza kila jioni. Yule mlinzi mzee hajui programu yoyote lakini anapita anaangalia anasema "kesho kutwa giza, umeshaita watu?" Hiyo ndo kengele yangu sasa. Stoo ipo kwenye Google Sheets, inaingia pakiti ngapi inatoka ngapi, na ile historia yake ya mabadiliko iliniokoa siku kijana alifuta safu nzima ya oda akidhani anafuta jina lake, nikarudisha ya asubuhi ndani ya dakika moja.

Upande wa matangazo sasa, maana nao tulishauriwa mengi. Mwaka huu kila mtu anakwambia video fupi, fanya laivu, tafuta mtu maarufu akushike pakiti. Video fupi nakubali, lakini iliyotuletea wateja haina mtu maarufu, ni sufuria na mafuta na mlio wa dagaa wakikaangwa, nusu dakika, hakuna muziki. Kingine tuliacha ule mtindo wa "bei njoo inboksi". Tuliandika bei palepale, meseji zikapungua kweli, nilipaniki siku mbili, ila wanaokuja sasa wanakuja wameshaamua, wanauliza lipa namba tu. Katalogi ya WhatsApp Business inabeba bidhaa mpaka 500, sisi tunazo 7, inatutosha na chenji inabaki. Lebo ndo natumia kuliko vyote, "kalipa", "mzigo Nyegezi" (yaani uko stendi ya mabasi), "kapokea", na majibu ya mkato, naandika alama moja inatoka sentensi nzima kwamba mzigo umepanda basi na picha ya risiti inafuata.

Mambo mawili mjue kabla hamjaanza. Ujumbe wa orodha ya matangazo, ule unaotuma mara moja kwa watu wengi, unamfikia tu mtu aliyesevu namba yako, na orodha moja mwisho watu 256, kwa hiyo kwanza omba wakusevu, sisi tumechapa kabisa kwenye pakiti "sevu namba hii". La pili ni ule ujumbe wa salamu unaojituma wenyewe, haumwendei mgeni tu, hata mteja wa zamani akikaa kimya siku 14 akiandika tena unamwendea. Mimi niliandika "karibu mgeni wetu, hujawahi kula dagaa kama hawa", nikampelekea mama wa Dodoma anayenunua kwetu miaka mitatu. Akajibu "mwanangu umenisahau?" Uzembe wangu huo, nimeandika upya.

Ah na kuna jamaa alikuja kutuuzia namba za simu za watu maelfu kwenye flashi, eti tuwarushie matangazo. Nilimwambia kaka hapana, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022 na ilianza kufanya kazi Mei 2023, sina hela ya kesi. Na hata bila sheria, mtu hajawahi kukupa namba unamuamsha saa 12 asubuhi na bei ya dagaa, kweli?

Nyota zangu, kwa wanaopenda nyota. Mfumo wa dola 2 kati ya 5, na hizo mbili ni za ubao na lile wazo la mwenyeji, ukiwa na ofisi ya watu wa kudumu wenye kompyuta na imeili wanazofungua pengine utampa 4. WhatsApp Business 4 na nusu. Plaiwudi 5, fundi alinitoza elfu 15 na soda.

Bosi aliuliza wiki iliyopita ule mfumo uko wapi, nikampeleka ukutani. Akasimama akausoma, akahamisha kadi moja kwenda IMEISHA kwa mkono wake, akasema hii ya chumvi nimeshanunua jana. Jumatatu wanaingia wapya watatu. Nimezijaribu voisi zote kwenye simu zinafunguka, isipokuwa ile ya pili jogoo wa jirani amemfunika mama anapofika kwenye unyevu, tutairekodi tena kesho ndani kwenye stoo.