Unitrack ya Kato kwenye ubao wa futi 2 kwa 4: anza na kona, treni baadaye

Karibuni tena. Leo mezani nina reli ndogo ya mfano, na ni ya umeme hasa: vyuma viwili vilivyoachana milimita 9, na juu yake inapita treni yenye mota, taa ya mbele na magurudumu ya milimita 5 au 6 hivi. Inaitwa Unitrack, inatengenezwa na Kato ya Japani, kampuni ambayo imekuwa ikitoa treni za kipimo hiki tangu mwaka 1965. Wengi mmeniuliza kama inamfaa mtu anayeishi nyumba ya kupanga, chumba na sebule, ambaye anataka reli yake mwenyewe inayozunguka. Inamfaa sana. Tatizo ni kwamba ile seti ya kuanzia inayowekwa mbele kwenye maduka ya mtandaoni haitoshei kwenye ubao ambao wengi wetu tunaweza kuuweka ndani, na hapo ndipo pesa za watu zinapopotea. Kwa hiyo leo tunaanza na ubao. Treni itasubiri.

Plaiwudi nzima ni futi 4 kwa 8. Mwambie fundi aipasue vipande vinne, kila kimoja futi 2 kwa 4. Hicho ni kama sentimita 61 kwa 122. Kinaingia chini ya kitanda, kinasimama nyuma ya kabati, na siku ya kuhama kinapita mlangoni bila kugombana na mtu. Ya unene wa milimita 9 inatosha, mradi uipigie fremu ya mbao kwa chini isije ikajikunja. Kuna watu watakushauri MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, kwa sababu ni laini na imenyooka. Kama uko Dar, Tanga, Mombasa, popote penye upepo wa bahari, achana nayo. Ikinywa unyevu inavimba, na reli ikishapanda hata milimita moja pale vipande vinapoungana, treni ndogo kama hii inatoka njiani.

Sasa sogea hapa uone namba, maana Unitrack ni hesabu kabla haijawa mchezo. Ukiona R249, maana yake nusu kipenyo cha kona hiyo ni milimita 249, ikipimwa katikati ya reli. Zinafuata R282, R315, R348, R381. Umeona kila moja inaizidi mwenzake kwa 33? Hiyo ndiyo nafasi kati ya njia mbili zikienda sambamba. Na hili tuta la plastiki la kijivu linalobeba reli lina upana wa milimita 25.

Seti ya kuanzia, ile ya M1, inakuja na kona za R315. Zidisha mara mbili upate 630, ongeza 25 za tuta, unafika 655. Ubao wetu ni 610. Haingii, hata ukiuzungusha vipi. R282 inatoa 589. Inaingia, lakini unabaki na sentimita moja tu kila upande, na treni ikitoka njiani inatua sakafuni. R249 inatoa 523, na hapo unabaki na zaidi ya sentimita 4 kila upande: nafasi ya mti, nguzo, au ukuta mdogo wa kuizuia isianguke. Kwa ubao huu kona ni R249. Zinauzwa nne nne kwenye pakiti, kila kipande nyuzi 45, kwa hiyo pakiti mbili zinakamilisha duara.

Urefu nao tuupige. Duara ni 523. Ukilikata katikati na kutia kila upande vipande viwili vya 248 na kimoja cha 124, umeongeza 620, jumla 1,143. Ubao una 1,220. Inabaki karibu sentimita 4 kila mwisho. Treni ikimaliza mzunguko mmoja imekwenda mita 2.8 hivi, ambazo kwa kipimo cha 1:160, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 160, ni karibu mita 450 za reli ya kweli. Kwa ubao unaolala chini ya kitanda, mimi nasema hiyo ni safari.

Lakini kona ya R249 ina masharti yake. Kwa kipimo hicho hicho ni kona ya mita 40, na hakuna njia kuu duniani inayopinda hivyo. Behewa la abiria la mita 25 linakuwa na sentimita 15 na nusu, na likiingia kwenye kona hii katikati yake inabinukia ndani, ncha zinatokeza nje, na macho yanakataa. Mabehewa mafupi ya mizigo, matangi ya mafuta, kichwa cha treni kifupi chenye bogi mbili (vile vigari vya magurudumu vilivyo chini yake) za ekseli mbili mbili, hivyo ndivyo vya kununua. Kila treni inakuja na karatasi inayotaja kona ndogo kabisa inayoweza kuipita. Isome kabla ya kulipa, kwa sababu treni za mwendokasi nyingi zinataka R315 kwenda juu. Na ukishachagua treni za nchi moja, baki hapo hapo mwanzoni, la sivyo utakuta viungio vya mabehewa havishikani.

Haya, kipande chenyewe. Nakisogeza karibu na kamera. Juu kuna reli ya rangi ya fedha. Si fedha, ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na ndiyo maana haishiki kutu kama chuma. Chini yake mataruma ya kahawia, halafu kokoto za kijivu zilizochongwa kwenye plastiki. Mwishoni hapa kuna kidude kinachotokeza: hiki ndicho Unijoiner. Kinafanya kazi mbili, kinashika vipande visiachane na kinapitisha umeme. Sikiliza. Tak. Ukisikia hivyo, imeshika. Kikilegea baada ya kufungua na kufunga kwa muda mrefu, unachomoa hicho tu na kuweka kipya, reli unabaki nayo.

Hapa ndipo mimi nairudia Unitrack kila mara. Nimefunga duara zima huku naongea nanyi, bila nyundo, bila gundi, bila kuchomelea waya. Mwenye nyumba akitoa notisi, unaifungua, unaitia kwenye boksi, unakwenda kuifunga kwingine. Ukilinganisha na reli ya kunyumbulika ya Peco ya Uingereza, ile inayokuja vipande vya milimita 914, Peco inapendeza zaidi machoni. Unaipinda unavyotaka, unamwaga kokoto zako mwenyewe, na ile ya Code 55 ina reli nyembamba zinazokaribia uhalisia. Lakini inataka msumeno mdogo, kichomelea risasi na mkono uliotulia, na ukishaigandisha na gundi imegandana na ubao ule. Mwenye chumba chake cha kudumu aifikirie Peco. Mpangaji achukue hii.

Ninacholalamikia kwenye Unitrack ni sura. Kijivu ni kile kile kipande hadi kipande, na kinang'aa kiplastiki. Dawa yake ni rangi ya maji: changanya nyeusi na kahawia nyepesi sana, pitisha kwa brashi pembeni mwa tuta, halafu futa juu ya reli kabla haijakauka. Na kama unataka ifanane na SGR yetu, mataruma yapake kijivu cheupe, kwa sababu ya kwetu ni ya zege.

Umeme. Hili tafadhali usilirukie. Treni hizi zinakwenda kwa umeme wa DC usiozidi volti 12, na kifaa cha kuongozea kinabadilisha mwendo kwa kupandisha na kushusha volti, na mwelekeo kwa kugeuza chanya na hasi. Huo hauumizi mtu. Hatari iko kwenye plagi. Japani umeme wa nyumbani ni volti 100, Marekani 120, sisi 230 hadi 240. Geuza adapta usome palipoandikwa INPUT. Ikiwa imeandikwa 100 mpaka 240, tafuta kigeuza plagi tu. Ikiwa imeandikwa 100 peke yake, lazima upate transfoma ya kushusha, na kigeuza plagi hakishushi volti hata moja. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu plagi inaweza kuingia vizuri kabisa na kifaa kikaungua papo hapo.

Sasa vumbi na chumvi ya hewani. Treni ikianza kustuka stuka, usikimbilie kuongeza volti. Paka spiriti kwenye kitambaa safi ufute juu ya reli zote mbili. Kisha magurudumu, na hapa angalia mikono yangu. Natandaza kitambaa chenye spiriti juu ya reli, nakipandisha kichwa cha treni nusu: bogi moja iko juu ya kitambaa, nyingine inagusa reli tupu. Nakishika, nawasha taratibu. Bogi ya kwenye reli inachukua umeme, ya kwenye kitambaa inazunguka inajisugua yenyewe. Ona hii mistari miwili myeusi iliyobaki kwenye kitambaa. Hiyo ndiyo ilikuwa inazuia umeme. Nageuza, nafanya upande wa pili.

Kipimo nacho tukiguse, maana nawajua mashabiki wa reli mnaotazama hapa. Hii ni N, iliyoanzishwa na kampuni ya Arnold ya Ujerumani miaka ya 1960. SGR, ya Kenya iliyoanza kubeba abiria 2017 na yetu iliyoanza 2024, ina upana wa milimita 1,435. Gawa kwa 160 upate 8.97. Yaani reli hii mezani ni SGR karibu sawasawa. Sasa wewe wa TAZARA, wenye milimita 1,067, usikate tamaa. Gawa kwa 120 upate 8.89. Reli hii hii, pakiti hii hii, ukijenga mabehewa na majengo kwa 1:120 umepata TAZARA iliyo sahihi. Wapenzi wa reli wa New Zealand wanafanya hivyo hivyo, kwa sababu reli yao nayo ni 1,067. Itakubidi uchonge bodi mwenyewe kwa kadibodi au plastiki, au uichapishe kwa printa ya 3D, na uivike juu ya chesi ya N, yaani sehemu ya chini yenye magurudumu na mota. Mimi kazi hiyo naipenda kuliko kununua, maana kichwa chenye rangi za TAZARA kikitoka mikononi mwako ni chako. Hata Reli ya Kati ya mita moja, kwa 1:120 inatoka 8.3, na jicho halilalamiki.

Mandhari nitayatengea video yake. Leo neno moja tu: udongo wetu mwekundu ni mzuri kuliko poda yoyote ya dukani. Uanike, uchekeche kwa kitambaa chembamba, halafu kabla hujaumwaga pitisha sumaku ndani yake. Ona. Hizi chembe nyeusi zilizoganda kwenye sumaku ni za chuma, na mota ya treni ina sumaku ndani. Zikibaki kwenye ubao, zitavutwa humo. Rudia mpaka sumaku itoke safi, kisha gandisha udongo kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa na maji na tone la sabuni ya vyombo.

Oda yenyewe basi. Pakiti mbili za R249, pakiti moja ya 248 yenye vipande vinne, pakiti moja ya 124, na Unijoiner yenye nyaya ya kuingizia umeme. Kifaa cha kuongozea, na adapta uliyosoma maandishi yake. Kichwa kimoja kifupi na mabehewa matatu ya mizigo. Uliza gharama ya usafirishaji na ushuru kabla hujabonyeza kulipa, kwa sababu vinaweza kubadili hesabu yote.

Ukipata nafasi baadaye, ongeza pointi moja, yaani kipande kinachogawa njia kuwa mbili, na uchukue namba 6 badala ya namba 4. Namba 4 inapinda kwa R481, namba 6 kwa R718, na treni inaipita kwa ulaini zaidi. Ina urefu wa milimita 186. Upande mmoja wa ubao toa kipande kimoja cha 248 na kile cha 124, hizo ni 372. Weka pointi na kipande kimoja cha 186, hizo ni 372 vile vile, na duara linafunga bila kuongeza hata milimita. Ielekeze ndani ya duara, weka pale reli fupi ya kuegesha. Pointi hii inapeleka umeme kule ilikoelekezwa tu, kwa hiyo ukiirudisha njia kuu, treni iliyoegeshwa inasimama kimya huku nyingine ikiendelea kuzunguka.