Forodhani usiku ukiwa na siliaki: nilichokula na nilichokiacha

Nianze na nyota ili mwenye haraka asome aende zake: Forodhani, lile soko la vyakula vya usiku la Unguja, nawapa tatu na nusu kati ya tano. Kwa mtu mwenye tumbo lake zima sijui, huyo ale pizza yake ashushie na urojo, mie naandika kwa wenzangu wenye siliaki ambao unga wa ngano tunapishana nao njia, na ambao kila tukitaka kwenda Unguja tunaambiwa "wewe kule utakula nini, kila kitu mkate".

Si kweli, yaani hata kidogo. Pale bustanini mbele ya Ngome Kongwe vitu visivyokuwa na ngano toka kwenye asili yake ni tele, kuna pweza, ngisi, kamba, jodari, nguru, muhogo, shelisheli, ndizi, mbatata, maji ya miwa, mtu unaweza kula ukashindwa kuinuka. Kinachotumaliza sisi ni wavu wa kuchomea, mafuta na mikono. Ndo maana skuizi sianzi kuuliza "hichi kina ngano?" kwa sababu muuza pweza atakujibu hamna, na hajasema uongo, nauliza "hapa mnapikia na nini chengine?" na jibu lake ndo linaniambia kama nikae au nipite.

Kwa asiyejua, siliaki si aleji wala si mambo ya kupunguza kitambi. Ukila gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na ndugu zao, kinga ya mwili wako mwenyewe inaushambulia utumbo mwembamba, basi unakuta mtu anaharisha miaka, damu haipandi, mdomo vidonda, leo anatibiwa amiba, kesho taifodi, keshokutwa vidonda vya tumbo. Mie yangu ilikuja kuonekana Muscat nilipokwenda kwa dada, wakanipima damu, halafu wakanitia kamera mpaka kwenye utumbo wakachukua kinyama cha kupima. (Na kama unajishuku, usiache ngano kabla hujapimwa, ukishaacha vipimo vinaweza kutoka safi na ugonjwa unao.) Kidonge hakuna, tiba ni kuacha gluteni maisha, na kiasi kinachodhuru ni kidogo hata watu hawaamini. Kiwango cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za vyakula, ambacho nchi nyingi zinakifuata, chakula kikiitwa hakina gluteni basi kisizidi miligramu 20 kwa kilo. Slaisi moja ya mkate ina gramu mbili hivi za gluteni, zaidi kidogo pengine. Sasa zile chenga za chapati zilizogandia kwenye wavu piga hesabu mwenyewe.

Haya tuje kwenye makaa. Meza za samaki wanazipanga zinapendeza wallahi, mishkaki ya kamba, ya jodari, pweza kakunjwa miguu, kila kitu kimetungwa kwenye vijiti, lakini ukiangalia pembeni kidogo meza hiyohiyo kuna chapati, nan na mikate ya ufuta, na ukishaagiza vyote vinakwenda kupashwa kwenye wavu mmoja. Nilisimama nikamtazama kijana mmoja na koleo lake. Anageuza nan ya mgeni, anagonga koleo kwenye ukingo wa jiko unga unaruka, halafu na hilohilo anaukamata mguu wa pweza. Nikamwambia kaka mie ngano inanidhuru, hata ile iliyoshika hapo kwenye koleo. Akanijibu kwa moyo safi kabisa, "Dada angu usihofu, moto huu hauachi kitu."

Hapo ndo pa kukaza jamani, maana jibu hili utalipata kila meza. Moto unaua vijidudu, na gluteni si kijidudu, inaungua inakuwa nyeusi imo palepale. Nikamueleza hivyo, hakubisha wala hakukasirika, akauliza tu, "Sasa nikufanyieje?" Nikatoa karatasi ya foili mkobani. Akaitandika juu ya wavu mara mbili kwa sababu nilimuomba mara mbili, akafuta mikono, akachukua uma nilokuja nao mwenyewe, akanipashia pweza na jodari kwa ndimu na chumvi bila ile sosi yake ya kupaka. Sosi nilimuuliza ina nini, akanitajia kitunguu thomu, tangawizi, pilipili, mafuta na "soya kidogo ya kutia rangi". Hiyo soya ndo yenyewe. Soya sosi za kawaida nyingi zinapikwa kwa soya na ngano pamoja, na hamna anayeiwazia kwa sababu anaona maji meusi tu kwenye chupa. Mishkaki ya ng'ombe ya meza ile ilikuwa imelala kwenye sosi hiyo tangu mchana, nikaiacha na harufu yake.

Pweza alikuwa laini, wanamchemsha kwanza kabla ya kumleta mezani, ndimu ikamkaa vizuri. Jodari kanisikitisha, kapashwa mpaka kakauka, nadhani ni kwa kuwa foili inakawiza moto na kijana akawa hana uzoefu nayo. Kwa tumbo langu bora jodari mkavu kuliko siku tatu za kuviringika kitandani. Bei lakini, bei! Nazungumza naye Kiswahili cha hapahapa na bado kaniambia bei ya mtalii, hivyo semeni bei kabla kitu hakijagusa moto.

Muhogo na shelisheli wa kuchoma juu ya makaa kula bila wasiwasi, ilimradi jiko liwe lao peke yao, na yapo majiko ya hivyo. Vya kukaanga ndo uliza karai. Karai lililotoa sambusa na katlesi mafuta yake yameshaingia unga, hata ukitumbukiza muhogo mtupu unatoka na gluteni yake. Nilipata mmoja tu anayekaanga muhogo na mbatata basi, bhajia hana, sambusa hana, nikala kwake mpaka nikaona haya.

Urojo sasa, hapa nalia. Nilikwenda kwa bi mkubwa mmoja anayeuza, nikamuamkia shikamoo, nikamuuliza urojo wenyewe kaupika kwa unga gani. "Marahaba mwanangu, ngano, ndo inayoufanya ushike." Kasema kweli na namshukuru, wengine wangeniambia dengu ili nitoe pesa. Urojo mwingi wa kuuza uko hivyo, na hata ukimpata anayetumia dengu, sahani hiyo inatiwa kachori iliyochovywa kwenye unga, upawa ni mmoja, mkono ni mmoja. Bhajia za dengu nazo zina siri yake, mvuje, kile kiungo cha harufu kali, wa kopo ule wa unga mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano, na yule mpishi mwenyewe hana habari kwa sababu kasoma jina la mvuje tu. Mie urojo naupika nyumbani kwa dengu na embe bichi, chenga za muhogo juu, mvuje siutii kabisa, na sijaona aliyeulalamikia.

Pizza ya Zanzibar msijisumbue. Ni donge la ngano mwanzo mwisho, na jamaa akianza kulipigapiga kaa upande unaotoka upepo.

Kilichonitoa nyumbani lakini ni mkate wa kumimina. Kwa wa bara wasioujua, ni mchele uliolowekwa, ukasagwa na tui la nazi, hamira, sukari na iliki, ukaumuka, ukapikwa moto juu na chini. Kwa asili hauna ngano hata chembe, ila siku hizi wapo wanaoongeza unga wa ngano kidogo ili ushikane na ukatike vizuri, na vitumbua vivyohivyo. Nikamuuliza muuzaji maswali kama askari: mchele unasaga wapi? Nyumbani kwa brenda. Haupeleki mashineni? (Mashine inayosaga ngano asubuhi na mchele mchana si ya kwetu sie.) Haupeleki, mchele uliolowa mashine haiutaki. Ngano unatia? Akanikata jicho, "Nikitia ngano huo utakuwa mkate gani?" Nilimpenda hapohapo. Kisu chake ndo kilikuwa na tatizo, anakatia na keki, nikamuomba aukate kwa kisu changu akacheka akakubali. Ulikuwa bado na joto kati, kingo zimekauka kidogo, iliki inasikika bila kukukaba, na chini kuna ule utando wa nazi uliokaukia kwenye sufuria ambao ningeula peke yake.

Maji ya miwa hayana shida, mashine inapita muwa, ndimu na tangawizi tu. Kahawa chungu na kashata ya njugu vilevile, ingawa kashata angalia haijapangwa sinia moja na visheti.

Kulinganisha tu, kuna hoteli moja hapo Mji Mkongwe menyu yake ina alama nzuri ya kijani ya kuonyesha chakula hakina gluteni. Niliagiza chapati za maji za unga wa mchele kwa bei ambayo Forodhani ningelisha familia, nikaomba nione jikoni, nikakuta zinamiminwa kwenye kikaango kilekile cha chapati za ngano, kimefutwa kwa kitambaa. Alama ya kijani haioshi kikaango. Kule Forodhani angalau kila kitu kinapikwa mbele ya macho yako, koleo unaliona, karai unaliona, ukitilia shaka unahama meza, na kwa sisi hiyo ni nusu ya usalama.

Nyota moja na nusu niliyoizuia ni kwa bei za kubahatisha, na kwa kuwa hamna hata meza moja ya samaki iliyojitenga na mikate, kitu ambacho hakigharimu zaidi ya wavu wa pili na koleo la pili. Wageni wenye shida hii wanapita pale kila usiku, wanaogopa, wanakunywa miwa wanaondoka, hiyo pesa inapotea hivihivi.

Nendeni mara tu baada ya magharibi, wavu bado haujapita mikate mingi na muuzaji ana nafasi ya kukusikiliza, ikifika saa tatu za usiku foleni inakuwa ndefu hata ukimueleza anaitikia tu huku anageuza nan. Foili nunueni mchana madukani Darajani maana pale usiku hamna anayeuza, na mchukue uma na kisu vyenu.